Toba Niliyoandikiwa

Mlimani, juu ya Mbalizi
12 Novemba 2023

Kwako binti yangu Ombeni,

Hujambo huko Iringa? Mimi sijambo. Nakula, nalala, ila goti la kushoto ndilo linalonikumbusha umri. Mvua zimeanza na mbegu ya viazi imeshaingia ardhini yote. Ng'ombe amezaa dume. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu maneno yangu ni marefu, na simu yangu ukiongea nayo robo saa inajizima yenyewe. Barua nampa Brayson, yule dereva wa lori la viazi, pamoja na debe moja la kwako.

Nimetengwa kanisani.

Usiruke kwenye kiti. Sijaiba, sijalewa, na kwa goti hili hakuna mwanamume atakayenipotosha. Nimetengwa kwa swali.

Unajua umoja wa wanawake wa kanisani ulinichagua katibu kwa kuwa naandika upesi. Tangu Juni tulikuwa tunasoma Injili ya Marko, kila Alhamisi sura moja, nyumbani kwa jirani yetu Mercy ambaye ndiye mwenyekiti. Na wewe unanijua. Miaka kumi na miwili nimekaa baraza la kata nikisikiliza kesi za mipaka ya mashamba, na kule tulishika jambo moja: alichosema mtu mwenyewe kiandikwe upande huu, alichosemewa na wengine kiandikwe upande ule, usichanganye. Basi nikachora mstari katikati ya daftari langu. Kulia, maneno ya Yesu mwenyewe. Kushoto, maneno waliyosema wengine juu yake. Pepo wachafu walisema ni Mwana wa Mungu, nikaandika kushoto, na yeye akawakemea wanyamaze. Petro akasema ni Kristo, kushoto, akaambiwa asimwambie mtu. Askari wa Kirumi pale msalabani, kushoto. Kulia anajiita Mwana wa Adamu, tena na tena. Na yule tajiri alipomwita mwema, akamuuliza kwa nini anamwita hivyo wakati aliye mwema ni Mungu peke yake.

Tulipomaliza sura ya mwisho nikanyoosha mkono. Nikasema, "Jamani, nisaidieni. Ni wapi hapa Bwana amesema kwa kinywa chake kwamba yeye ni Mungu?" Basi, ndilo swali lenyewe. Sikusema siye. Wenzangu walifunua kurasa mpaka chai ikapoa.

Jumapili yake kiongozi wetu Mzee Yotamu akaniita mbele ya wazee wa kanisa. Akasema nimefundishwa na Waislamu wa sokoni Mbalizi. Nikamwambia Waislamu wa Mbalizi tangu niwajue wananiuliza bei ya viazi tu. Hawakucheka. Wakataka kuona daftari, na walipofika kwenye ile sauti iliyotoka mbinguni siku ya ubatizo, Yotamu akapiga meza. Kumbe nimemwandika Mungu Baba upande wa mashahidi! Nikamuuliza angeandikwa wapi, maana si Yesu aliyesema. Wakanipa wiki mbili nilifute swali langu. Nikauliza swali linafutwaje, na hilo nalo likaandikwa kuwa ni kiburi.

Sasa nakaa benchi la nyuma pamoja na wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa. Kwenye Meza ya Bwana siendi. Sare ya umoja imechukuliwa ikatunzwe kwa Mercy mpaka nitakapotubu. Daftari la ukatibu nimelirudisha, ila hili langu nimewanyima.

Wewe unasomea uchungaji. Nijibu.

Mama yako,
Esnath


Kalenga, Iringa
27 Novemba 2023

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Viazi vimefika salama, na barua pia. Mimi ni mzima. Chuo kimenileta hapa Kalenga kwa mazoezi ya usharikani, nafundisha kipaimara na kuhubiri Jumapili mbili kwa mwezi. Watu wa hapa wananicheka nikiwasalimia Kihehe, lakini wanakuja kusali.

Mama, nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini. Maswali yako yana majibu. Alimsamehe dhambi yule aliyepooza, na ni nani anayesamehe dhambi isipokuwa Mungu? Kuhani mkuu alimuuliza waziwazi, akakubali. Halafu msome Yohana. Humo anasema yeye na Baba ni kitu kimoja, na kwamba kabla ya Ibrahimu yeye yupo. Umeanzia kwa Marko ukaishia hapohapo, ndiyo maana umekwama.

Na nikuambie ukweli, haya si mageni. Chuoni tumeyasoma. Mwalimu alitueleza kwamba hata Marko mwenyewe hakuwapo mambo yale yalipotokea, na kwamba wasomi wamebishana juu ya swali lako kwa miaka na miaka. Niliandika insha juu yake nikapata A. Lakini alituonya kwamba haya ni ya darasani, tusiyapeleke mitaani, tutawavunja watu mioyo. Sasa wewe umeyaokota mwenyewe shambani.

Mwakani Septemba nabarikiwa kuwa mchungaji. Jina langu liko kwenye orodha. Hata hivyo si hilo linaloninyima usingizi. Ni Bibi Yudith wa hapo kijijini kwetu. Alikufa akiwa ametengwa kwa sababu hakufunga ndoa kanisani, na mimi nilikuwepo siku ile. Kengele haikupigwa. Wanawake wa umoja walisimama barabarani bila sare, wakiogopa kuingia uani. Wajukuu zake ndio waliofukia kaburi, kimya, na hakuna aliyejua lini aseme amina. Baba yangu alizikwa kwa kengele na kwaya tatu. Wewe una presha na miaka sabini na moja. Siwezi kusimama pale nikakuona ukiteremshwa kama Bibi Yudith.

Andika barua ya toba, mama. Mistari mitano inatosha.

Mwanao akupendaye,
Ombeni


Mlimani, juu ya Mbalizi
20 Desemba 2023

Mwanangu Ombeni,

Nakusalimu, na nakutakia Krismasi njema na hao Wahehe wako. Hapa ukungu haujaondoka siku nne. Mimi nipo, goti lipo.

Kwa hiyo mnajua! Nimekaa na barua yako siku nzima nikiurudia mstari huo mmoja. Swali lile lile wewe umepewa alama, mimi nimepewa benchi la nyuma. Tena mnaona sisi ndio mioyo yetu itavunjika. Moyo wangu umezika mume na watoto wawili, Ombeni. Mnadhani utavunjwa na daftari?

Haya, tujibizane. Yule aliyepooza nimemrudia. Waliosema Mungu peke yake ndiye asamehe ni waandishi, maadui zake, nao wapo kushoto. Yeye alijibu kwamba Mwana wa Adamu anayo mamlaka duniani, hiyo nimeiandika kulia. Jibu lake kwa kuhani mkuu nimeliandika kulia kwa wino mwekundu, maana ni zito. Aliulizwa kama yeye ni Kristo, akasema ndiye. Lakini Kristo ni mpakwa mafuta, na Daudi naye alipakwa.

Mathayo na Luka nimewapitia, kisha Yohana nimemsoma mpaka mwisho, nikachora mstari mwingine. Ni kweli, kwake Yesu anayasema makubwa, na karibu kila ukurasa. Nimempenda Yohana. Ila barazani, mashahidi watatu wakija wasitaje neno lililo kubwa kuliko yote, halafu wa nne aje mwishoni alitaje kila mara, hatukumfukuza yule wa nne. Tuliandika tu: hili limetoka kwa shahidi wa nne. Ndivyo nilivyoandika. Wanitenge kwa kuandika vizuri?

Labda ndiye. Mimi namwomba kila asubuhi, sijaacha, na huwa namwambia, "Bwana, kama ndiwe nitakujua." Ninachokataa ni kuapa kwamba nimemsikia akisema nisichomsikia akisema. Kwenye mpaka wa shamba la mtu nisingeapa hivyo, sembuse juu yake yeye.

Na kuhusu kuzikwa, Bibi Yudith alioza sawasawa na baba yako.

Mama yako,
Esnath


Iringa
2 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sikuulizi kama hujambo maana najua si kweli. Mercy amenipigia simu. Amesema ulianguka shambani ukichimba viazi, ukabebwa kwa pikipiki mpaka hospitali, ukalazwa siku tatu, na ukawakataza wasiniambie. Presha ilikuwa mia mbili na kitu. Mama, mia mbili!

Amenieleza pia kwamba wanawake wa umoja walitaka kuja kukuombea wodini, Mzee Yotamu akawakataza. Mercy alikuja peke yake, kwa siri, amejifunga kitenge kama mtu anayekwenda sokoni.

Sasa ungekufa wodini je? Fikiria. Mimi nifike kutoka Iringa nikute watu wanaulizana wafanye nini na wewe. Nimeshazika watu Kalenga, nimesimama kwenye makaburi ya watu nisiowajua nikawaimbia. Mama yangu mwenyewe nisimwimbie?

Kama kuandika kunakuuma, nitakuandikia mimi. Nitachagua maneno laini. Wewe weka sahihi tu, wala huna haja ya kusoma. Mungu anajua moyo wako. Karatasi ni kwa ajili ya wazee.

Kunywa dawa. Usiguse jembe.

Mwanao,
Ombeni


Mlimani, juu ya Mbalizi
15 Februari 2024

Mwanangu,

Dawa nakunywa. Jembe nimelishika jana na leo.

Hapana. Niweke sahihi bila kusoma? Wewe uliyenifundisha kusoma? Wangapi nimewaona barazani wakilia kwamba waliweka dole gumba bila kujua kilichoandikwa, na shamba limekwenda.

Karatasi ni kwa ajili ya wazee, unasema. Basi na wazee waipate kweli. Siandiki, na usiniandikie. Nimemaliza, na nakupenda.

Mama yako,
Esnath


Mlimani, juu ya Mbalizi
21 Aprili 2024

Ombeni,

Natumaini u mzima. Mimi sijambo.

Jumapili iliyopita, baada ya matangazo, Mzee Yotamu alisimama akasema mbinguni kuna furaha. Akakunjua karatasi iliyokuja kwa basi. Akasoma: "Mimi Esnath, mjane wa marehemu Mzee Saulo, natubu mbele za Mungu na kanisa lake. Nilidanganywa na yule mwovu katika uzee wangu. Nakiri kwamba Bwana Yesu alisema kwa kinywa chake kuwa yeye ni Mungu, nami nimeyasoma hayo kwa macho yangu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mercy akaja mbio kutoka mbele na sare yangu mkononi, kumbe walishainyoosha kwa pasi. Watu walikuwa wanalia, wanalia kwa furaha kabisa, na mimi nimekaa nyuma mdomo wazi.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Sitakuficha, niliitamani ile sare. Miezi mitano nimepika peke yangu, nimechuma pareto peke yangu, mtu akipita njiani anakohoa ili asinisalimie. Nilishainua mkono kuipokea. Halafu nikasimama nikasema, "Mzee Yotamu, maneno hayo si yangu."

Vigelegele vikakatika. Yotamu akaja na karatasi mpaka kwenye benchi langu akanionyesha mbele ya watu. Na kweli, ulikuwa mwandiko wangu. E yangu yenye mkia, s yangu iliyolala ubavu. Nikajua saa ileile. Duniani yuko mtu mmoja tu mwingine anayeandika hivyo, ndiye aliyenifundisha akiwa darasa la nne, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni.

Yotamu akauliza, "Kama si wewe, ni nani?" Sikujibu.

Hasira ninayo, usidhani kwa kuwa nimeficha jina lako nimeshasamehe. Lakini kuna jambo nimelipata ambalo sikulipata kwenye daftari. Siku zote nilidhani maneno ambayo mtu hakusema hutiwa kinywani mwake na adui. Barazani ilikuwa hivyo, jirani mwenye wivu, shemeji mwenye tamaa. Sasa nimejua kwamba anayekupenda ndiye anayeweza hasa. Anaujua mwandiko wako. Anataka uheshimiwe, anataka uzikwe vizuri, anaandika huku analia. Wala hajioni mwongo.

Sijui kama yupo aliyemwongezea Bwana neno. Hilo sijui, na silisemi. Ila kama yupo, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kama wewe.

Esnath


Mlimani, juu ya Mbalizi
9 Juni 2024

Ombeni,

Hujambo? Hujajibu. Brayson amesema alikukabidhi barua ya Aprili mkononi, kwa hiyo ulisoma. Mimi naendelea. Baridi imeanza, asubuhi majani ni meupe.

Wazee wameniita mara mbili. Wanasema mawili: ama niliandika toba kisha nikaikana mbele ya madhabahu, ama nimtaje aliyeghushi. Nimekaa kimya, nao wameandika kwamba mimi ni mwongo. Kutengwa kwa swali niliweza. Lakini kuitwa mwongo, mimi niliyekaa barazani miaka kumi na miwili, hiyo inauma, mwanangu. Inauma sana. Jana mtoto wa Yotamu kaniita hivyo kisimani, na kisima kimejaa watu.

Sitakutaja. Mimi ni mama yako, si shahidi wako. Ukinyamaza mpaka Septemba utabarikiwa, utavaa joho, na mimi nitafurahi nikiwa hapahapa.

Lakini sitakuja.

Mama yako


Iringa
14 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Miezi mitano sijakujulia hali, na leo nikikuuliza utaona naigiza. Hata hivyo goti linaendeleaje? Na presha?

Ni mimi. Najua unajua, ila sijawahi kulisema, kwa hiyo nalisema. Niliandika mwezi wa tatu, ofisini kwa mchungaji kule Kalenga, mchana kweupe. Nilijaribu E yako mara saba nyuma ya ratiba ya ibada mpaka mkia ukakaa sawa. Ndivyo ulivyosema, nilikuwa nalia. Nikajiona nafanya kazi ya Mungu. Ulipoandika vile mwezi wa nne nilikasirika nikaitupa barua uvunguni. Nikasema huyu mama amevuka mpaka, ananifananisha na mitume. Nikawa nahubiri Jumapili, nikifika kwenye neno "Bwana akasema" ulimi unanata. Nikaendelea kunyamaza, maana Septemba ilikuwa karibu. Nilikuacha uitwe mwongo kisimani ili mimi nivae joho. Siwezi kuliweka vizuri zaidi ya hivyo.

Barua yako ya Juni ilinimaliza kwa maneno mawili ya mwisho.

Nilikwenda kwenye kamati ya dayosisi nikawaambia. Watu saba mezani. Walinisikiliza kwa upole, wala sikutukanwa. Wakasema niandike toba yenye mambo mawili: kwanza, kwamba nilighushi, pili, kwamba nalikataa swali la mama yangu na nitamhesabu kuwa ni mpotevu mpaka atakaporudi. La kwanza niliandika palepale. La pili nikakataa. Mwenyekiti akasema, "Binti, ni sentensi moja tu." Nikamwambia mimi ndiye niliyemwambia mama yangu ni mistari mitano tu. Jina langu limeondolewa kwenye orodha. Hawakusema mpaka lini.

Barua nyingine nimemwandikia Mzee Yotamu na wazee wote. Nakala yake nimeiweka humu uione, na mwandiko wake nimeubadilisha. Usiku na mchana nimejifunza E isiyo na mkia, mama. Inanipa shida kama mtoto wa chekechea.

Jambo moja usinielewe vibaya, na wazee nao nimewaandikia hivyohivyo. Mimi naamini kwamba Yesu ni Mungu. Nimeyapitia yote upya, Marko na Yohana, kwa mstari wako katikati ya ukurasa, na bado naamini. Naliona katika yale aliyoyafanya kuliko katika sentensi moja unayoitafuta. Wewe hujaliona, au hujaliona bado, sijui. Lakini hilo ni neno langu na nitalisema kwa kinywa changu. Sitalisema tena kwa kinywa chako.

Nisamehe ukiweza.

Mwanao,
Ombeni


Mlimani, juu ya Mbalizi
11 Agosti 2024

Mwanangu mpendwa Ombeni,

Mimi ni mzima, goti ni bovu, presha mia moja na hamsini, nimepimwa juzi. Na wewe unakula? Mtu aliyefukuzwa kazi ya Mungu asipokula watu husema Mungu ndiye amemnyima.

Nimekusamehe. Nimesamehe Jumatano, nikiwa napalilia, kwa hiyo usifikiri nimekimbilia kusamehe.

Sasa sikia. Mzee Yotamu aliipata barua yako. Akawasomea wazee peke yao, akaikunja akaitia mfukoni. Nikamwendea nyumbani. Nikamwambia, "Ile ya uongo uliisoma mbele ya watu wote. Hii ya kweli isome palepale." Akasema haijengi. Nikamwambia hata mimi nilipoitwa mwongo hakuna kilichojengwa. Akasema nirudi nyumbani nikaombe.

Nikarudi nikaomba, kisha Jumapili nikaenda na nakala uliyonitumia. Matangazo yalipokwisha nikasimama kulekule nyuma. Yotamu akasema, "Mama Esnath, kaa." Nikasema, "Nitakaa nikimaliza." Nikasoma yote, neno kwa neno, hata pale unaposema unaamini na mimi sijaona. Sikuruka kitu. Wale wasichana wa benchi langu walinishikilia kiuno nisianguke. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mercy akasimama kule mbele na sare yake, akaja akakaa na sisi, na wanawake wengine watatu wakamfuata. Yotamu akamaliza ibada bila wimbo wa mwisho.

Wazee walikuja Jumanne, watano. Wamekubali kwamba mimi si mwongo, na wameliandika hilo, nililisoma kabla hawajaondoka. Kutengwa kunabaki pale pale mpaka nilifute swali. Yotamu akasema kwa huzuni, na naamini ilikuwa huzuni ya kweli, "Mama, ukifa hivi hatutakuzika." Nikamwambia, "Yotamu, kufa ni kazi yangu nami nitaifanya. Ninyi mkigoma yenu, yuko atakayeifanya."

Ni wewe, Ombeni. Utanizika wewe. Hakuna kamati inayoondoa jina la mtoto kwenye orodha ya mama yake, na jembe halihitaji joho. Utaimba kama ulivyowaimbia Wahehe usiowajua.

Hapo kaburini watu watataka useme neno. Usiseme nilitubu. Usiseme nilikana. Sema nilimfuata Yesu tangu ubatizo wangu, nikamuuliza swali, na mpaka siku hiyo nilikuwa namngoja anijibu mwenyewe. Hayo umeyasikia kwangu, yaape bila hofu.

Na najua utashindwa kuishia hapo. Wewe ni mhubiri, na unanipenda. Utataka kuwaambia kwamba sasa ameshanijibu, kwamba sasa namwona na ninajua. Waambie, mwanangu, sikukatazi. Ila kwanza uwaambie kwamba hilo ni lako.

Mama yako,
Esnath